Somo la Wageni

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na tahajia yangu ni ya mtu aliyeishia darasa la saba katika shule ambayo dawati moja lilikaliwa na watu watano, na mimi nilikuwa wa tano. Binti yangu amejitolea kunisahihishia. Nimemwambia aguse herufi tu, maneno ayaache. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima, na mke wangu akipita hapa barazani kwetu Ipagala huuliza kama sentensi imeisha au aniletee chai nyingine.

Naandika kwa sababu siku mliyoniaga nilipostaafu pale mahabusu ya watoto mliniomba niseme neno kwa walezi vijana. Mtakumbuka nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikasema "Asanteni," nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na huzuni. Haikuwa huzuni. Ilikuwa aibu, ambayo ninayo tangu utotoni, na pia wali ulikuwa unapoa. Basi neno lenyewe ni hili.

Habari za vyeo sitaandika. Nilianza mlinzi wa geti, nikamaliza mlezi, na katikati hapakutokea jambo la kumtoa mtu usingizini. Nitaandika habari za akili za watoto, kwa maana ndiyo kazi tuliyoifanya hasa pale mahabusu, ingawa barua yangu ya ajira ilisema nalinda.

Siku ya kwanza nilikuwa kijana niliyetoka kijijini, Kiswahili changu kikitembea na Kigogo bega kwa bega. Nilipewa rungu, filimbi na daftari la majina. Mkuu wa wakati ule akaniambia niite majina nihakikishe kila mtoto yupo. Watoto kumi na tisa walikuwa wamepanga mstari uani. Nikafungua daftari, sauti haikutoka. Nikajaribu tena, ikatoka sauti kama ya bawaba inayotaka mafuta. Mtoto mmoja wa mbele, ambaye alikuwa na wiki mbili pale ndani, akanisogelea kwa adabu, akachukua daftari mikononi mwangu, akaita majina yote likiwemo lake, akajiitikia, kisha akanirudishia. Akasema wote wapo. Nikapiga filimbi, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki chini ya mamlaka yangu.

Bi Tatu alikuwa akitazama kutoka jikoni. Huyu alikuwa mpishi wetu, mama wa Kirangi kutoka milima ya Kondoa, mfupi, ushungi wake mweupe hata mbele ya moshi wa kuni. Kwenye karatasi alikuwa mpishi. Kwa kweli ndiye aliyeendesha nyumba, na wakuu waliokuja na kuondoka walilijua hilo baada ya mwezi mmoja, wale wazito baada ya miwili. Aliniita, akanipa kikombe cha uji, akaniambia kwamba askari sitakuwa hata wanivike kofia ya chuma, kwa hiyo nijifunze kutazama. Alisema mtu mwenye haya huona mengi kwa sababu mdomo wake haumshughulishi.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni hiki, na ninyi vijana mkisahau mengine yote, hiki msisahau. Aliletwa mtoto mpya kutoka kituo cha polisi. Nikamwambia akaoge, halafu achukue shuka kwa Bi Tatu, nguo zake aziweke kwenye ndoo ya bluu, kisha aje ofisini. Mtoto akasimama palepale. Nikarudia kwa ukali. Akaendelea kusimama. Nikajua nimepata jeuri wangu wa kwanza. Bi Tatu akaja akifuta mikono kwenye khanga.

"Yona, umempa mizigo minne," akasema. "Mtoto wa siku ya kwanza hubeba mmoja. Mitatu imemwanguka, hata hajui ilipoangukia."

Akamgeukia yule mtoto, akamwambia: kaoge. Mtoto akaenda kuoga. Aliporudi akaambiwa: shuka hii. Akachukua shuka. Ikawa hivyo mpaka akamaliza yote manne, na nyumba haikuanguka.

Baadaye niliona ni kweli kwa karibu kila mtoto. Anayekuja kwetu amelala siku kadhaa sakafuni, hajala sawasawa, na hofu imejaa kichwani kiasi kwamba hakuna pa kuweka neno lingine. Ukimuuliza jina la baba yake anafikiri. Ukimwonyesha kitanda chake asubuhi, jioni analala cha mwenzake na ngumi zinaanza. Huyo si mjinga wala si mkaidi. Mpe chakula, mpe usingizi, mpe neno moja kwa wakati mmoja. Baada ya wiki mbili au tatu akili inaanza kurudi, na mimi niliitambua kwa alama moja: anaanza kuiba kete kwenye bao. Mtu hawezi kuiba kete kwenye bao bila kukumbuka hesabu yake, hesabu ya mwenzake, na macho ya mwenzake yalipo. Niliandika kwenye kitabu cha zamu: "Ameanza kudanganya. Anaendelea vizuri." Mkuu mmoja mgeni aliniita ofisini nimweleze hiyo ni sera gani.

Zana zetu zilikuwa chache. Filimbi, funguo, lile bao, na ubao wa zamu ambao nilichora mwenyewe kwa chaki: ndoo kwa mteka maji, fagio kwa mfagiaji, sufuria kwa msaidizi wa jikoni. Nilichora kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Sufuria yangu ilifanana na kobe, na mpaka nastaafu zamu ya jikoni iliitwa zamu ya kobe. Watoto waliniita mwalimu, jambo lililonitia haya kwa miaka yote, lakini sikujua waniite nani badala yake.

Sasa niandike kosa langu la kwanza kubwa. Alikuwapo mtoto anaitwa Selemani. Ukimtuma kuni analeta maji. Ukimtuma maji anarudi mikono mitupu, anatabasamu. Nilimpa adhabu mara tatu. Ya tatu nikampa fyekeo afyeke nyasi kutoka jikoni mpaka kwenye uzio, nami nikaenda kunywa chai. Niliporudi nyasi zilikuwa zimefyekwa vizuri mpaka kwenye uzio, zimefyekwa mpaka getini, geti liko wazi, na ukingo wa barabara umenyolewa safi kuelekea mjini. Nilimkuta mbali, jasho linamtoka, bado anafyeka. Akaniuliza kama amefika. Nadhani ndiye mahabusu pekee aliyewahi kutoroka akiwa katikati ya kutumikia adhabu.

Jioni ile Bi Tatu alikuwa akimnyoa nywele, akaniita nione. Chini ya nywele palikuwa na kovu refu kama kidole changu. Hospitali walisema aliumia kichwani zamani, na kwamba kukumbuka agizo kwake ni kazi nzito. Mara tatu nilikuwa nimemwadhibu kwa kushindwa kubeba kitu ambacho mikono ya kukibebea alikuwa amevunjwa. Habari ya kufyeka huwa nacheka nikiisimulia. Hii ya kovu sicheki. Nilimchorea kadi ndogo yenye picha ya kazi ya siku hiyo, akawa anaivaa shingoni, na hakukosea tena isipokuwa siku nilizochora vibaya.

Mngedhani baada ya hapo nilijifunza. Nilijifunza, kisha nikafanya kosa lingine kubwa zaidi, tena nikiwa na mvi.

Ilikuwa baada ya ofisi za serikali kuhamia Dodoma kwa wingi. Zamani mgeni wa heshima tulimwona mara moja kwa mwaka. Sasa kila mwenye ofisi alitaka mahali pa kutembelea karibu, akawahi kurudi mezani kwake kabla ya chakula cha mchana, na sisi tulikuwa karibu. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza mtoto kama kuna tatizo, mtoto akaeleza matatizo kwa nusu saa, kwa mpangilio, akianza na maharage. Mkuu hakufurahi. Akaniambia Mzee Yona, watayarishe hawa watoto.

Nikaanzisha somo. Mimi ambaye sikuwahi kufundisha kitu, nikafundisha hili kila Jumatatu, na nililipenda. Mgeni akiingia, simama, sema shikamoo, tazama chini. Mikono nyuma, usiguse kitu cha mgeni. Usirudie neno la mkubwa, maana kurudia ni kumwigiza, na kumwigiza ni dhihaka. Hilo liliwapatia waigizaji wetu wawili adhabu ya kuosha masufuria wiki nzima. Akikuuliza chochote, jibu ni: "Tunashukuru, hakuna changamoto." Akiuliza kama kuna kitu kimepungua, jibu ni: "Hakuna kilichopungua." Watoto walilishika somo hili kuliko sala. Wageni walituandikia sifa kwenye kitabu. Nami nilikuwa nawatazama wale watoto wakiwa mstarini, macho chini, mikono nyuma, nikajiona kweli ni mwalimu.

Katika miaka hiyo aliletwa Daudi, kijana wa miaka kumi na minne kutoka Mlali, upande wa Kongwa. Alikuwa anaishi na bibi yake, akichunga mbuzi wake. Alishitakiwa kuiba mbuzi sita wa jirani, waliokutwa zizini kwa bibi huyo. Sisi hatukuwauliza watoto habari za makosa yao, hiyo ni kazi ya mahakama, kwa hiyo nilichojua ni hicho tu. Alikuwa mkimya kuliko mimi, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Lakini siku mvua ilipopiga ubao wa zamu ikafuta kila kitu, Daudi alisimama pale akasema zamu zote za wiki tatu zilizopita, nani alifagia lini, nani alibadilishana na nani, na kwamba mmoja alibadilisha kwa ahadi ya ukoko wa ugali na ukoko haujaletwa. Kwenye bao alinifunga mpaka nikaacha kucheza naye mbele za watu.

Hakimu wa mahakama ya watoto alitaka taarifa juu yake. Daudi alipofikishwa mbele yake mara ya kwanza hakusema neno, na hakimu akataka kujua kama mtoto huyu ana uelewa wa kufuatilia shauri lake. Ndipo akaja mtaalamu, Daktari Rehema, dada mdogo tu mwenye miwani na mkoba mzito. Angempima Daudi, na kwa kuwa ameshafika, angewapima na wengine. Kesi ilikuwa Alhamisi. Yeye alikuja Jumanne. Na mimi, niliposikia mgeni anakuja, Jumatatu nilirudia somo mara mbili.

Mlezi alitakiwa kukaa chumbani wakati wa kupima, nikakaa pembeni kwenye kiti kifupi. Daudi akaingia, akasema shikamoo, akatazama chini, mikono nyuma. Nikajaa fahari.

Daktari akamwambia kwa upole kwamba atataja namba, na yeye azirudie. "Nne, saba, mbili."

"Tunashukuru," akasema Daudi.

"Rudia tu nilivyosema. Nne, saba, mbili."

"Hakuna changamoto."

Daktari akaandika. Akatoa vibao vya rangi, akavipanga kwa namna fulani, akavivuruga, akamwambia avipange vilevile, akabonyeza saa. Saa ikaenda. Daudi alikaa mikono nyuma, akivitazama vile vibao kama mtu anayetazama chakula cha mwenye nyumba. Daktari akasimamisha saa, akaandika. Akatoa picha ya meza yenye miguu mitatu.

"Kuna kitu kimepungua kwenye hii picha?"

"Hakuna kilichopungua," akasema Daudi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wangu bora, akaongeza, "Tunapata kila kitu."

Hapo ndipo fahari yangu ilipoanza kushuka. Alipoulizwa angefanya nini akiona moshi unatoka kwenye nyumba ya jirani, akajibu kwamba anashukuru. Nikaangalia karatasi ya daktari. Ilikuwa imejaa vistari vidogo, na hata mtu wa darasa la saba anajua kistari hakimaanishi vizuri.

Wakaingia watoto wengine watano. Wote walishukuru. Mmoja alimshukuru kwa moshi, mwingine kwa namba. Mchana daktari alimwambia mkuu, nami nikiwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, kwamba hajawahi kukuta nyumba ya namna hii. Alisema inaonekana watoto wote sita wana upungufu mkubwa wa akili, na kwamba juu ya Daudi hana budi kuandika kwamba hawezi kufuatilia shauri lake. Mkuu akauliza maana yake nini. Maana yake, akasema, kuna uwezekano hakimu asimhoji kabisa, na aamuru apelekwe kwenye makao ya watoto wenye ulemavu wa akili, mkoa mwingine. Bibi yake alikuwa amekuja kumwona mara moja, kwa miguu na kwa lifti za malori ya alizeti. Mkoa mwingine asingefika.

Nilipaswa kusema palepale. Sinia lilikuwa mkononi, maneno yalikuwa kooni, na mkuu aliyenipa kazi ya kuwatayarisha alikuwa mbele yangu. Nikaweka chai mezani, nikauliza kama sukari inatosha, nikatoka.

Nikachukua baiskeli nikaenda Makole kwa Bi Tatu. Alikuwa amestaafu zamani, anakaa kwa binti yake, macho yamefifia lakini ulimi haujastaafu. Nilimsimulia yote. Alicheka kwanza, na alicheka muda mrefu, hasa pale pa meza.

"Wewe ndiye uliyewafunga vinywa, Yona. Sasa daktari wa watu afungue kwa ufunguo gani?"

Nikamwambia siwezi kwenda kuongea na daktari. Akasema basi usiongee, nenda usimame mlangoni kwake tu, tuone kati yako na aibu ni nani atachoka kwanza.

Ofisi ya daktari haikuwa mbali na hapo. Nilisimama mlangoni. Karani akadhani mimi ni mgonjwa, akanipa karatasi yenye namba, nami kwa kuona haya kumsahihisha nikakaa kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika nikampisha mama mwenye mtoto mgongoni. Ilipofika tena nikampisha mzee ambaye, nikimkumbuka vizuri, alikuwa mdogo kuliko mimi. Mwishowe nilibaki mwenyewe, na karani ameshika kitasa. Nikaingia. Daktari akaniuliza kama nina maumivu. Nikamweleza somo la wageni lote, kuanzia shikamoo mpaka hakuna kilichopungua, nikitazama sakafu, mikono nyuma.

Akavua miwani. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Aliniuliza kama nilikaa pale chumbani asubuhi nzima nikiyajua haya. Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo mzee wangu, leo nimewapima watoto au nimekupima wewe?"

Nikasema nadhani amenipima mimi, na kwamba nimefaulu.

Sikukusudia kuchekesha. Yeye ndiye aliyecheka, kwa shida, kama mtu anayejaribu kuendelea kukasirika. Akasema atarudi kesho na karatasi nyingine, maana zile za leo wameshaziona. Lakini mimi niwafungue hao watoto kabla hajafika.

Jumatano asubuhi niliwapanga uani, nikawaambia somo la wageni limesitishwa. Leo, nikasema, mgeni akisema rudia, rudieni. Akisema shikeni, shikeni. Kikipungua kitu, semeni.

"Tunashukuru," wakasema wote.

Nikarudia. Wakatazama chini zaidi. Baadaye nilisikia kutoka kwa mmoja wao kwamba waliamini huo ndio mtihani wenyewe, kwamba nimewatega, na kwamba atakayelegea ataiona zamu ya kobe mpaka akue. Nilikuwa nimewafundisha miaka mingi kwa uso uleule na sauti ileile. Hawakuwa na sababu ya kuniamini siku moja.

Daktari alifika, akawaona, akaelewa. Akaweka meza uani mbele ya wote. Akasema leo tutaanza na mwalimu.

Ningependa kuandika kwamba nilikubali kwa moyo wa ujasiri. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Nikakaa. Watoto wakaacha kutazama chini, kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Akanipa namba tatu, nikazirudia. Namba nne, nikazirudia. Kisha akasema sasa nizirudishe kinyume, kuanzia ya mwisho.

"Tano, tisa, mbili, sita."

"Sita," nikasema. Nikafikiri. Jasho lilianza nyuma ya masikio. "Sita, tisa." Nikafikiri tena. Zilikuwa zimeniponyoka kama kuku siku ya sikukuu. "Sita, tisa, na nyinginezo."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mstari, taratibu, ya mtu asiyeweza kuvumilia kazi mbovu.

"Sita, mbili, tisa, tano."

Alikuwa Daudi. Wote wakamgeukia. Yeye akanitazama mimi kuona nitafanya nini, nami nikamwambia daktari kwamba huyo ndiye sahihi. Daktari akataja namba tano. Daudi akazirudisha. Akataja sita. Akazirudisha, huku anavuta pumzi kidogo katikati kama mtu anayevuka korongo. Mimi nilikuwa nimesahauliwa kwenye kiti, na nilishukuru, kwa maana halisi ya neno hilo.

Kisha daktari akanirudia na picha. Ilikuwa ya baiskeli. Akaniuliza kama kuna kitu kimepungua. Naapa sikufanya makusudi. Mdomo wenyewe ulisema, "Hakuna kilichopungua."

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakaanza kusema kwa pamoja: usukani, mwalimu, usukani. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuwafungua. Kila mmoja alitaka kukaa kwenye kile kiti na kunishinda, na wengi walinishinda. Matokeo yangu sikuuliza, na daktari, kwa wema wake, hakuyataja.

Si wote waliopanda. Wawili walibaki chini kabisa, na hilo nataka mlijue, kwa sababu ni rahisi kusimulia kana kwamba wote walikuwa wazima na kosa lilikuwa langu tu. Mmoja alikuwa amevuta gundi kwa miaka, mwingine aliugua degedege kali alipokuwa mdogo. Walihitaji hospitali na kadi za picha kama Selemani. Jumanne hatukuweza kuwaona, kwa sababu wote sita walikuwa wamefanana kwa unyenyekevu.

Alhamisi nilimsindikiza Daudi. Mahakama ya watoto ni chumba kidogo tu, meza moja, na hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Bibi yake Daudi alikaa kwenye benchi, amefunga kitenge kipya. Hakimu alisoma taarifa ya daktari, akaiweka kando, akamwuliza Daudi kama anaelewa kwa nini yuko pale.

Daudi alitazama chini. Mikono ikaenda nyuma. Nilimwona anavuta pumzi, na nikajua ni neno gani liko kwenye ulimi wake, kwa sababu nililiweka mimi. Sikuruhusiwa kusema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani sana kusema.

Mikono yake ikarudi mbele.

"Naelewa," akasema. "Wanasema nimeiba mbuzi sita. Lakini mmoja wao ni wa bibi yangu."

Hakimu akamwambia aendelee. Akaendelea, kwa mpangilio, bila kukimbia. Yule mweusi mwenye doa shavuni alizaliwa zizini kwao wakati wa kuvuna karanga, na kwenye mguu wa nyuma ana alama alipoungua kwenye jivu. Alipotea kabla ya mvua. Siku ile alimwona kwenye kundi la jirani, akamwita kama alivyozoea kumwita, naye akaja. Wale watano walimfuata mwenzao. Yeye alikuwa ameazimia kuwarudisha asubuhi, ila asubuhi polisi waliwahi.

Hakimu alimtazama mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka alitazama faili lake, na nadhani kama angekuwa na mikono ya ziada angeiweka nyuma. Ikaamriwa mtendaji wa kijiji akamkague yule mbuzi. Baada ya wiki mbili jibu likaja: doa lipo, alama ya jivu ipo. Shitaka likaondolewa, na Daudi akaenda Mlali na bibi yake.

Lakini ninachotaka kuwaachia kilisemwa ile Alhamisi, tukirudi. Nilimwuliza kama mambo ya yule mbuzi aliyajua muda wote aliokaa kwetu.

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukumwambia mtu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulisema tusiwape wageni maneno. Na wewe hukuniuliza."

Miezi minne alikuwa amekaa kwetu. Miezi minne nilicheza naye bao.

Basi, vijana wangu, nawaomba jambo moja. Niandikieni. Niambieni mmewafundisha nini watoto waseme mgeni akija, na niambieni mtoto mmoja alisema nini siku mliponyamaza mkamwuliza. Iwe mistari miwili, iwe kwenye karatasi ya nyuma ya daftari la zamu, iacheni pale getini na mke wangu ataichukua Jumamosi akienda sokoni. Kuna mmoja wenu ambaye kila Jumatatu bado anawapanga uani. Nilimsikia juzi nilipopita nje ya uzio. Namwomba yeye awe wa kwanza.